Usiku Mmoja Tongoni

Hema tulilinunua mtumbani, Ngamiani,
elfu kumi na nane, bila risiti, mti mmoja haupo.
Nikakata mpini wa fagio, ukafaa.
Mama Saumu akatutazama toka mlangoni:
"Mna nyumba ya bati, vyumba vitatu,
mnakwenda kulala na makaburi?"
Hatukumjibu. Tulikuwa tunahesabu vigingi.

Hatibu, mlinzi, kijana wa pale pale,
alitufungulia daftari la wageni.
Jina. Utokako. Idadi. Sababu ya kuja.
Tatu za kwanza nilijaza upesi.
Ya nne nikasema, asubuhi.
"Ndani ya uzio halali mtu. Laleni hapa nje.
Na kamba msifunge kwenye nguzo ya mtu."
Alisema hivyo: ya mtu.

Kigingi hakikuingia.
Niligonga, kikapinda. Nikahamia pengine, kikapinda.
Chini ni mwamba wa matumbawe,
udongo ni ngozi tu.
Fundi mwashi wa miaka ishirini na sita
anashindwa na kijumba cha turubai!
Saumu akaleta mawe tufungie kamba.
Nilipoyageuza, upande mmoja yana chokaa.
Nikayarudisha yalikotoka, moja moja.
Tukatafuta mengine.

Kabla giza halijakaza tuliingia kutazama.
Msikiti hauna paa; kibla ingalipo.
Kwenye kaburi moja, shimo la duara,
kina chake kiganja:
hapo lilikaa bakuli la kaure,
likang'olewa, na nani, hajulikani,
limebaki jicho lisilo mboni.

Mimi macho yalikuwa kwenye lipu.
Nilitafuta ufa, nikatafuta uvivu,
mahali fundi alipokimbia jua
akamaliza kwa kulipua.
Nikakuta kidole.
Kidole gumba, kilizama chokaa ikiwa mbichi,
mistari bado inazunguka.
Nikaweka changu. Hakikuenea.
Mwanamke, labda,
au mtoto aliyetumwa kubeba karai
akajaribu kama imekauka.
Saumu akaweka chake.
Kikakaa.
Akakitoa haraka, kama kimemjibu.

Tulikula mhogo wa kuchoma, chumvi na pilipili.
Kaa wakapita nyuma yetu wakikwaruza turubai.
"Baba, walikwenda wapi?"
Labda kisima kiliingia chumvi, nikasema.
Labda biashara ilihama.
Labda waligombania mahari, wakanuniana, wakatawanyika.
Labda hawakwenda popote:
Hatibu yule pale, anakoroma.
"Na nyumba yetu itadumu miaka mingapi?"

Nikaiona mifuko saba ya saruji
iliyotakiwa iwe kumi na mbili,
mchanga wa pwani, wa bei ya chini,
na nondo ninazozijua mimi na Mungu.
"Lala," nikamwambia.
Sikulala.

Asubuhi alitoka anafikicha macho.
"Una tongo," nikamwambia.
"La jicho au la mji?"
Tukacheka mpaka Hatibu akageuka.
Lugha hii yetu haina haya:
inaita kwa jina moja
kinachobaki baada ya usingizi
na kinachobaki baada ya watu.

Tukakunja hema. Chini yake
nyasi zimelala, zimechora mraba.
Mbuzi wa jirani akaingia bila hodi
akaanza kula chumba chetu.

Daftari likaja, na kalamu yake ya kamba.
Sababu ya kuja.
Nikaandika *kutembea*, nikakata.
Nikaandika *ufundi*, nikakata nalo.
Saumu akaichukua kalamu,
akajipaka wino kidoleni, taratibu, ukaenea,
akakibandika kwenye nafasi ile, akakandamiza.

Hatibu akainama kutazama.
"Mbona wewe kusoma umesoma?"